Mimi Ndiye Niliyemkosea Zaidi

Jumanne, 1 Julai

Siku ya tisini na nne bila pombe. Baridi kali. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa.

Leo kikundini, pale soba hausi ya Olasiti, Mama Tabea ametugawia madaftari. Kila mtu aandike maisha yake, na aandike ukweli. Yeye hatasoma. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na ana macho ya mtu aliyekwisha kukusoma bila daftari. Nimeandika juu kabisa: Anaeli, fundi friji, Kijenge. Huo ni ukweli. Nimeanza vizuri.

Kisha akarudia ile sheria nisiyoipenda. Mwaka mzima wa kwanza, hakuna kuanza mapenzi mapya. Anasema mtu aliyeacha pombe juzi akipewa mchumba humshika kama alivyokuwa akishika chupa, kwa mikono miwili, na mwisho huwa ule ule. Wenzangu wakaitikia. Lemburis, yule Mwarusha mrefu anayeendesha tipa, akaitikia kuliko wote. Huwa anajipendekeza.

Nina miaka thelathini na tisa. Chumba kimoja. Jioni nasikiliza friji za wateja zikinguruma. Mwaka ni mrefu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: mapya hayaruhusiwi, je ya zamani? Mama Tabea alikuwa anamimina chai. Akasema ya zamani ni habari nyingine. Kila mmoja wetu ana watu aliowaumiza wakati wa ulevi, na hao inabidi tuwaendee, tuwaombe radhi.

Kwa hiyo ya zamani yanaruhusiwa. Wenzangu hawakusikia. Mimi nimesikia.

Nimeketi kuorodhesha wanawake niliowakosea. Naipanoi: ameolewa na mchungaji, nimemfuta. Evelyn wa duka la dawa. Hanna wa Maji ya Chai. Basi. Orodha ni fupi kuliko nilivyodhani. Nimeona aibu kidogo.

Alhamisi, 3 Julai

Evelyn. Duka lake liko hapa hapa Kijenge. Nimevaa shati la kola. Nimengoja wateja wawili waondoke, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa yote niliyomtendea.

Akaniuliza mimi ni nani.

Nimemkumbusha. Miezi minne, mwaka 2019. Hakumbuki. Nimemtajia ile Jumapili aliyonipeleka kutambulishwa kwa shangazi yake, nami nikalala kwenye kochi na viatu, kichwa mapajani mwa shangazi. Hapo akasita. Akasema shangazi husimulia kisa hicho kila Krismasi, ila yeye alidhani ni fundi umeme aliyekosea nyumba.

Nikaendelea. Kila nilipomkumbusha jambo, uso wake ulizidi kukaza. Mama mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi akasimama kusikiliza, akasahau kukohoa. Mwisho Evelyn akasema amenikumbuka sasa, vizuri kabisa, na kuanzia leo yeye na mimi basi.

Kwa hiyo nimeachwa na mwanamke ambaye asubuhi hakujua kwamba tuko pamoja. Nimenunua dawa ya kikohozi ili nisionekane nimekwenda bure.

Amebaki Hanna. Hanna hawezi kunisahau. Tulikaa miaka mitatu.

Jumamosi, 5 Julai

Hanna ana kitalu cha miche kando ya barabara kuu pale Maji ya Chai. Parachichi, kahawa, kabichi, migrevilea. Nyuma yake kuna nyumba na zizi la ng'ombe mmoja. Nilijiandaa kwa maneno ya dakika kumi, yanayoanza kwa unyenyekevu na kuishia kwenye maisha yetu ya baadaye.

Nimefika saa nne asubuhi. Juu ya ndoo iliyopinduliwa ameketi Lemburis. Lemburis wa kikundini. Pembeni yake kondoo dume amefungwa kwenye mti. Ameinamisha kichwa. Anaomba radhi.

Nimesimama kama mtu aliyekuta suruali yake kwenye kamba ya jirani.

Hanna hakushtuka kuniona. Amenenepa kidogo, amependeza, siku hizi ana miwani. Akanivutia ndoo nyingine. Akasema naona leo ni siku ya radhi, basi kila mtu ataje kosa lake na tufupishe, kuna mteja anafuata miche mia tatu.

Lemburis alianza. Miaka miwili iliyopita, akiwa amelewa, alirudisha tipa nyuma hadi ndani ya kitalu. Akalaza miche mia sita ya kahawa. Kisha akamwaga mchanga wote juu yake na kuondoka. Machozi yakamtoka. Kondoo naye akalia.

Nikaelewa kila kitu. Mtu haleti kondoo kwa ajili ya miche. Huyu anamtaka Hanna.

Zamu yangu. Nikasema nilikuwa nalewa sana. Hanna akasema ndiyo. Nikasema nilimdanganya mara nyingi. Akasema ndiyo. Nikaona makosa yangu ni madogo madogo, ya kawaida, hayana mchanga juu yake. Macho ya Hanna yalikuwa kwa kondoo.

Ndipo nikakumbuka birika. Birika la kauri la marehemu mama yake, lililokutwa limevunjika siku ya msiba, miaka tisa sasa. Hanna alimshuku kaka yake Meshack. Meshack akakana. Tangu hapo hawasalimiani.

Nikasema birika la mama nililivunja mimi.

Si mimi. Sijawahi kuligusa. Lakini Hanna alivua miwani, na Lemburis akanitazama kwa heshima kama wanavyotazamana mabondia.

Hanna akasema radhi ya mdomo ni nyepesi. Ana mfereji wa mita sitini wa kuchimba, ulete maji kitaluni, na samadi ya kuhamisha. Kila Jumatano na Jumamosi hadi maonyesho ya Nane Nane. Lemburis akakubali. Mimi nilikubali kabla yake.

Siku mbili kwa wiki karibu na Hanna. Lemburis ana kondoo. Mimi nina birika.

Jumatano, 9 Julai

Malengelenge viganja vyote viwili. Kalamu inauma.

Lemburis anachimba kama mtu anayetafuta alikozikwa babu yake. Hadi mchana alikuwa amepiga mita kumi na mbili. Mimi tatu, lakini zangu zilikuwa na kona. Hanna akatuletea loshoro, mahindi na maziwa mgando. Sahani ya Lemburis ilijaa hadi ukingoni. Yangu ilikuwa na ukingo mpana.

Nimefikiri sana wakati wa kula. Nguvu ya Lemburis haiko mikononi. Iko kwa kondoo. Hanna humpitishia mkono kichwani kila anapopita. Kondoo akiharibu kitu, aliyemleta ataaibika naye.

Kabla ya kuondoka nilipita pale mtini kama mtu anayefunga viatu. Sikumfungua kondoo. Nimelegeza fundo tu. Mengine yapo juu yake mwenyewe.

Jumamosi, 12 Julai

Kondoo aliamua.

Amekula miche yote ya kabichi, tuta zima, na pindo la kanga iliyokuwa imeanikwa. Nilifika nikiwa nimeuandaa uso wa masikitiko. Lemburis alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, anatafuta angalau mche mmoja. Hakuna aliyemlaumu, akajilaumu mwenyewe. Akasema alifunga vibaya, na mwanamume anayefunga vibaya ni mzembe, na uzembe ndio uliomfikisha kwenye pombe. Hanna akaguswa. Akamwambia basi aje na Jumatatu pia.

Jumatatu pia! Mtu amepata kosa jipya bila kutoa jasho. Kazi nimefanya mimi, radhi kachukua yeye. Nilikaribia kusimama na kudai haki yangu, kwamba fundo nililegeza mimi na kosa hili kwa sheria ni langu. Nikawaza Hanna angeuliza kwa nini. Nikarudi mferejini. Ni vigumu kumwona mwenzako anasamehewa kwa jambo ulilolifanya wewe.

Isitoshe, Hanna amempa kondoo jina. Anamwita Fundi. Amesema mimi na kondoo wote wawili tunakula vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Kikundini. Lemburis amesimulia habari ya kondoo mbele ya watu wote. Wakampigia makofi. Kuna mzee mmoja alijifuta macho.

Mama Tabea akaniuliza naendeleaje na radhi zangu. Nikamwambia nachimba. Akauliza nachimba nini. Nikasema mfereji. Akauliza kama mwanamke mwenyewe anajua ninachokitaka. Nikasema anataka mfereji, na mimi nataka mfereji.

Akanitazama mpaka chai yangu ikapoa. Akasema: mwanangu, ukiomba radhi huku umenyoosha mkono upewe kitu, hiyo si radhi, ni biashara.

Nimeliandika vizuri. Nadhani alikuwa anamsema Lemburis.

Jumamosi, 19 Julai

Meshack amekuja. Kaka yake Hanna, kutoka Tengeru, na mkewe, na sufuria la machalari, ndizi kwa nyama, limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Baada ya mimi kukiri habari ya birika, Hanna alimpigia simu. Mara ya kwanza kwa miaka tisa. Leo wamekumbatiana pale mbele ya miche ya parachichi, wote wawili wanalia, na mteja aliyekuja kununua mbolea naye akalia.

Kisha Meshack akaomba kumwona aliyevunja birika.

Ni mtu mnene, mwenye mikono mikubwa. Akanichukua nyuma ya zizi. Nikatafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Ng'ombe alikuwa ameziba.

"Shemeji," akasema, "birika lile nililivunja mimi."

Nikasema pole.

Akaeleza kwa sauti ya chini. Siku ya msiba alikuwa anawamiminia watu chai, mkono wa birika ukabaki kiganjani. Akaogopa. Akakana mara moja, na baada ya hapo kila mwaka kukiri kukawa kugumu zaidi. Sasa mimi nimelibeba na nyumba imepata amani. Mkewe amerudisha tabasamu. Akaniomba niendelee kulibeba, na yeye atamwambia Hanna maneno mazuri juu yangu.

Nikampa mkono. Lemburis ana kondoo, mimi nina shemeji. Siku nzuri kuliko zote tangu niache pombe.

Jumamosi, 26 Julai

Sijui nianzie wapi.

Hanna aliita ukoo. Shangazi yake, Meshack na familia yake, majirani wawili, jumla watu kumi na mmoja na kondoo. Alitaka niombe radhi ya birika hadharani ili jambo lifungwe. Meshack alikuwa amenipamba kwa dada yake wiki nzima. Nikasimama nimenyoosha mgongo.

Nikasema ilikuwa jioni ya msiba. Nilikuwa nimelewa. Nilitoka jikoni na birika mkononi, lile lenye maua mekundu, nikajikwaa.

Shangazi akasema maua yalikuwa ya bluu.

Nikasema kwenye mwanga wa taa yalionekana mekundu. Shangazi akasema lilivunjika mchana. Nikasema taa iliwashwa mapema kwa heshima ya marehemu. Hanna akauliza, taratibu kabisa, vipande viliangukia wapi. Nikamtazama Meshack. Meshack alikuwa anaitazama chai yake kama mtu aliyedondosha pete ndani.

Nikasema vilitapakaa kila mahali.

Shangazi akasema ulivunjika mkono tu. Birika lenyewe bado liko kabatini kwake, anatunzia vifungo.

Kisha Meshack akasimama. Akaanza kulia kabla hajasema neno. Akasema yote. Mkewe akampiga mgongoni, kwanza kwa hasira, baadaye kwa huruma. Shangazi akamshika kichwa akamwombea. Hanna akamkumbatia kaka yake kwa mara ya pili, na safari hii kwa sababu ya kweli. Watu wakaimba wimbo mmoja. Mimi nikakaa. Nikachukua ndizi ya kuchoma. Hakuna aliyeniona.

Baadaye Hanna akaniita bombani. Alikuwa anaosha vikombe. Akaniuliza kwa nini nimebeba kosa lisilo langu.

Nikasema kwa sababu makosa yangu yalikuwa madogo.

Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Unakumbuka nilipofanyiwa upasuaji?"

Nikasema nakumbuka. Sikuwa nakumbuka.

"Niliruhusiwa Alhamisi asubuhi. Ulisema utanifuata. Nilikaa kwenye benchi pale nje na kikapu changu tangu saa mbili. Kila muuguzi aliyepita nilimwambia mume wangu yuko njiani. Wakanisifu. Saa kumi na mbili mlinzi akaja kufunga geti, ndiye aliyenitafutia usafiri. Wewe ulikuja Jumamosi. Ukaniuliza kuna chakula gani."

Hakupandisha sauti. Akasuuza kikombe kimoja muda mrefu.

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja ulitaje, Anaeli. Birika ni birika tu."

Mimi mwenye maneno ya dakika kumi nikavipanga vikombe alivyokwisha kusuuza.

Nikatoka hadi barabarani. Kuna baa pale, viti vyekundu vya plastiki, pazia la shanga mlangoni. Mwenye baa ananijua tangu zamani. Akaniita, friji lake halipoozi vizuri, niingie nilisikilize. Nilikuwa nalisikia kutoka nje. Kompresa ilikuwa inashika na kuachia, inashika na kuachia, kama ndugu anayekuita kwa jina. Kazi zangu zote za zamani zilianza hivyo. Unafungua nyuma, unasafisha, wanakushukuru kwa bia moja ya baridi. Mkono wangu ulishafika kwenye shanga.

Tipa likasimama nyuma yangu. Lemburis akafungua mlango wa pili. Alisema, kama Waarusha wanavyoitana, "Ero, twende tukanywe chai."

Tukaenda kwa mama mmoja anayeuza chai ng'ambo ya barabara. Sukari ilizidi. Nikanywa. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, na Lemburis akawa anaangalia magari ili asinione.

Baada ya kikombe cha pili nikamwambia ameshinda. Amchukue Hanna. Akauliza amchukue ampeleke wapi. Nikasema aache kujifanya, mtu haleti kondoo bure. Akanieleza kwamba kondoo ametumwa na mke wake, Silantoi. Kwao ukimharibia mtu kazi yake huendi mikono mitupu. Ana mke na watoto wanne. Hajawahi kuwa na Hanna hata siku moja. Alimmwagia mchanga tu.

Nikamuuliza mbona hajawahi kusema. Akasema huwa anasema kila Jumanne, tangu Machi.

Jumapili, 27 Julai

Siku ya mia moja na ishirini. Sikwenda kanisani.

Nimejaribu siku nzima kulikumbuka lile benchi. Nimejilaza, nimefumba macho, nimehesabu miaka kurudi nyuma. Hanna na kikapu. Hakuna. Ninachokumbuka cha wiki ile ni friji la milango miwili la baa fulani, gesi ilikuwa inavuja kwenye kiungo cha nyuma, upande wa kulia. Kiungo nakikumbuka kama uso wa mtu. Benchi, hapana.

Mama Tabea alisema tuandike ukweli. Nimeandika. Sikujua unakuwa hivi.

Jumatano, 30 Julai

Nilirudi Maji ya Chai. Hakuna aliyenitarajia. Zilibaki mita nne za mfereji. Nimechimba tatu. Lemburis alifika akachimba moja, akaenda kufungua maji kule juu. Yalishuka polepole, na takataka mbele yake, yakapita kwenye kona yangu, yakaingia kitaluni. Hanna alisimama akiyaangalia, mikono kiunoni.

Nikamwendea. Nikamwambia habari ya benchi siikumbuki, nimejaribu, haipo. Lakini naamini ilikuwa hivyo, na naomba radhi kwa kumwacha pale.

Akasema hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililolisema kwenye uwanja huu. Akasema amenisamehe. Akanipa mkono, mkono wenye udongo, na kwa muda kama wa kuhesabu kumi nilijisikia mwepesi, mtu asiyedaiwa wala kudai.

Ningeondoka hapo hapo. Miguu ilikuwa tayari. Lakini mdomo ukauliza wenyewe kama kusamehewa huko kuna maana kwamba tunaendelea pale tulipoishia.

Hanna alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hapana. Kisha akasema hapana mara ya pili, kwa Kimeru, nisije nikadhani nimesikia vibaya.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya mia moja thelathini na nne bila pombe.

Nane Nane imepita. Nasikia Hanna alimaliza miche yote kwenye maonyesho. Lemburis aliibeba kwa tipa, taratibu, hakuangusha hata mmoja. Meshack alikuwa pale kumsaidia dada yake kuuza. Kondoo amebaki Maji ya Chai, amewekewa kamba ya manila. Mimi nilikwenda kama mwananchi wa kawaida, nikaangalia matrekta.

Jumanne kikundini niliwasimulia yote. Fundo la kondoo pia. Lemburis alicheka mpaka akapaliwa, akasema alishangaa sana wakati ule maana tangu utoto hajawahi kufunga mnyama akafunguka. Hakukasirika. Sijui watu kama hawa wanalelewaje. Amenialika kwake wikiendi ijayo, nikale nyama na nimtazamie friji la Silantoi.

Mama Tabea alifumba macho muda wote niliposimulia. Mwisho akauliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kuomba radhi kwa moyo safi bila kutaka kitu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akanikumbusha kwamba mwaka bado haujaisha, na mapenzi mapya bado hapana. Nikaitikia kuliko wote.

Lakini nilichojifunza hasa nitaandika hapa, maana hili ni daftari la ukweli.

Mwanamke usiyemkosea hakusikilizi hata dakika moja. Mwanamke uliyemkosea hukuvutia ndoo, hukukalisha, hukuuliza maswali, hukuletea loshoro. Wanawake niliowakosea wameniishia. Wapya wamekatazwa. Lakini hakuna mahali popote, na nimeuliza vizuri, palipoandikwa kwamba radhi ina sharti la kosa la zamani.

Kanisani kwetu kwaya ina dada mmoja, Magdalena, sauti ya pili. Mpole. Hukaa mwisho wa benchi, karibu na njia. Leo amevaa viatu vya wazi.

Jumapili ijayo, wakati wa kupeleka sadaka, nitapita upande wake na kumkanyaga mguu wa kushoto. Si kwa nguvu. Mimi si mtu mbaya.

Radhi nimeshaiandika. Ni ya dakika kumi.